Wimbo wa Jirani



Mwezi huu, tukiwa tunapiga pasi, tumekuwa tukisikiliza santuri ya zamani ya Nat King Cole, yule Mmarekani mweusi mwenye sauti laini, baba yake Natalie Cole. Wengi wetu twamjua kwa nyimbo za mapenzi na za Krismasi, zenye fidla nyingi na mwendo wa pole. Lakini santuri hii, iitwayo Ramblin' Rose, iliyotoka mwaka 1962, ni ya nyimbo za mtindo wa kantri.

Huenda ukauliza, kuna ajabu gani? Mwimbaji si huimba apendacho? Ajabu ipo, dada.

Nat alizaliwa mwaka 1919 huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mama yake alipiga kinanda kanisani, na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Familia ilihamia Chicago Nat angali mtoto, na huko akakua akawa mpiga piano wa jazi, kisha mwimbaji mashuhuri.

Mwaka 1956 alikwenda kuimba Birmingham, katika jimbo lake lile la Alabama. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, onyesho la kwanza lilikuwa la wazungu, na weusi wakapangiwa lao baadaye. Akiwa anaimba, wazungu kadhaa walipanda jukwaani wakamshambulia na kumwangusha. Hakuweza kumaliza onyesho lile. Hata hivyo, usiku huohuo aliwaimbia weusi wenzake waliokuwa wakimngoja.

Sasa fikirini. Nyimbo za kantri zilihesabiwa kuwa mali ya wazungu wa Kusini, ingawa hata banjo wanayoipigia asili yake ni Afrika. Miaka sita tu baada ya kipigo kile, Nat alizichukua akaziimba. Ray Charles, mweusi mwenzake, alikuwa amemtangulia kwa santuri yake ya kantri mwaka huohuo. Katika santuri ya Nat umo wimbo wa Hank Williams, naye mzaliwa wa Alabama. Umo pia "He'll Have to Go", ambao wengi huku kwetu Kenya waliujua redioni kwa sauti ya Jim Reeves.

Tunachokipenda ni kwamba Nat hakujigeuza mchunga ng'ombe. Aliimba kwa sauti yake ileile, kila neno likisikika wazi, na katika wimbo uliobeba jina la santuri anawaalika wasikilizaji waitikie pamoja naye. Waliitikia kweli: wimbo huo ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani.

Hatusemi kwamba wimbo ulimaliza uovu. Mwaka uliofuata, 1963, katika mji uleule wa Birmingham, bomu lilitegwa kanisani likaua wasichana wanne. Naye Nat alifariki mwaka 1965 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 45 tu.

Basi kwa nini tunawasimulia haya? Kwa sababu nasi tuna majirani waliotuumiza, na mara nyingi tunapokasirika tunakataa kila kilicho chao: lugha yao, chakula chao, hata nyimbo zao. Tunawakataza watoto wasiimbe "wimbo wa watu wale". Dada, aliyekukosea hana hati ya kumiliki kila kizuri kilichoota kwao. Kosa liitwe kosa, na wimbo mzuri uimbwe.

Mtoto wako akirudi nyumbani na wimbo wa jirani, sikiliza kwanza maneno yake. Yakiwa mema, mwache auimbe kwa sauti yake mwenyewe. Na ukiweza, mwitikie kutoka jikoni.