Sifa kwa Kiswahili, Siri kwa Kiingereza

Mama anayemnunulia mwanawe pipi au unga wa juisi huona mbele ya pakiti Kiswahili fasaha: kitu kitamu, safi, chenye kujenga mwili. Akiigeuza pakiti hiyo, Kiswahili hutoweka. Orodha ya vitu vilivyomo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, na rangi iliyotiwa huweza kutajwa kwa tarakimu tu: 102. Hiyo ndiyo tabia ya bepari. Anapotaka fedha za mnyonge husema lugha yake. Anapotakiwa kumweleza anachokula, husema lugha ya wachache.

Namba 102 si pambo. Ni tartrazini, rangi ya njano itengenezwayo kiwandani. Baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliotangazwa mwaka 2007, Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba tangu Julai 2010 chakula chenye rangi hiyo, au mojawapo ya nyingine tano, kiandikwe onyo kuwa huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Wataalamu walibishana juu ya uzito wa ushahidi huo, na rangi yenyewe haikupigwa marufuku. Lakini mzazi alipewa habari, akaachiwa uamuzi. Je, mzazi wa Mbagala hastahili heshima hiyo?

Wapo wanaodai kuwa kuchapa pakiti upya ni gharama kubwa. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Kanuni za kimataifa za Codex za mwaka 1985 zinaruhusu bidhaa ibandikwe lebo ya nyongeza iwapo lugha ya lebo ya kwanza haimfai mlaji. Wengine husingizia uchache wa maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Lugha inayotosha kuandikia sheria za nchi haiwezi kushindwa na pakiti ya biskuti. Mbona pakiti ya sigara hubeba onyo lake kwa Kiswahili?

Kanuni inayoridhika kwamba maelezo yameandikwa, bila kujali kama yanasomeka, humkinga mwenye kiwanda na kumwacha mlaji gizani. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, halina budi kudai orodha kamili kwa Kiswahili, yenye jina la kila rangi na kila dawa ya kuhifadhi, kwa herufi zinazoonekana. Mtumishi anayekagua bidhaa bandarini na mwalimu anayeona watoto wakinunua peremende langoni mwa shule wanao wajibu wa kudai hivyo hivyo. Anayetaka fedha ya mwananchi na amweleze, kwa lugha ya mwananchi, anachomlisha.