Makao ya Wanyama Yasiyoua Hayasimami Bila Wananchi

Mbwa wazururaji wanapozidi mjini, rai ya kwanza kutolewa huwa ni sumu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, jambo hili limefanyika kwa miaka mingi: nyama yenye sumu hutupwa njiani usiku, na asubuhi mizoga huzolewa. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba iko njia iliyo bora kwa wakazi wa Rwekubo, Nakivale na Mbarara, nayo ni kuanzisha makao ya wanyama yasiyoua. Lakini yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba makao ya namna hiyo hayawezi kuendeshwa na wafadhili peke yao. Wananchi wasipoyabeba, yataanguka.

Kwanza tuondoe dhana potofu. Makao yasiyoua si mahali pa kumfuga mbwa mwenye kichaa. Mnyama mwenye ugonjwa usioponyeka, anayeteseka bila tumaini, daktari wa mifugo humpumzisha. Kinachokataliwa ni kumwua mnyama mwenye afya ati kwa kuwa nafasi imekwisha au hana mwenyewe.

Je, sumu na risasi humaliza tatizo? Tutazame visiwa viwili. Mwaka 1997 kichaa cha mbwa kiliingia katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, kwa mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Wakuu waliamuru mbwa wauawe, na mamia ya maelfu wakauawa. Hata hivyo ugonjwa ulibaki kisiwani kwa miaka mingi. Huku kwetu, katika kisiwa cha Pemba, ilifuatwa njia ya kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji. Ugonjwa uliporudi mwaka 2016, kampeni zilirudiwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umekomeshwa.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Sumu haichagui, humwua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa. Mwenye nyumba aliyepoteza mlinzi wake hutafuta mtoto wa mbwa mwingine, naye huja bila chanjo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe, ili ugonjwa ukose njia ya kuenea. Kila mbwa aliyechanjwa akauawa hutubomolea ukuta huo.

Jambo hili ni la uhai wa watu. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wapatao 40 katika 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kila mzazi na ajue: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali bila kuchelewa akapate sindano.

Wapo watakaouliza: posho ya wakimbizi imepunguzwa, tutawalishaje mbwa? Swali hili ni la haki na halifai kubezwa. Jibu ni kwamba mbwa hao tayari wanakula majalalani mwetu, na gharama ya kuumwa tayari tunailipa kwa nauli, sindano na hofu. Makao yanakusudiwa kupunguza gharama hiyo, kwa kuwahasi na kuwachanja wanyama kabla hawajaongezeka.

Hapo ndipo jamii inapohitajika. Tuseme makao yana nafasi ya mbwa arobaini. Jike mmoja huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto kadhaa kila mara. Kila mtu akileta na asichukue hata mmoja, nafasi zitajaa katika majuma machache. Baada ya hapo, ama lango lifungwe, ama wanyama warundikane na kuambukizana, ama sumu irudi. Makao hayaishi kwa wingi wa vibanda, bali kwa wingi wa nyumba zilizo tayari kupokea.

Nakivale ina hali yake ya pekee. Makazi hayo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo yanakaliwa pia na Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mbwa kwa Mnyankore ni embwa, kwa Mnyarwanda ni imbwa, na kila mmoja humtaka alinde shamba lake. Lakini familia ikipata safari ya kurudi kwao au kuhamia ng'ambo, mbwa hawezi kwenda nayo. Basi anayeondoka amkabidhi mbwa wake kwa jirani mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa ndugu Waislamu wasiopenda mbwa ndani ya nyumba, hakuna anayewalazimisha. Lakini Kurani yenyewe inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na Watu wa Pangoni, na huruma kwa mnyama ni fundisho lao la asili.

Mifano ipo nchini mwetu. Chama cha kulinda na kutunza wanyama, USPCA, kilichoanzishwa mwaka 1996, kina makao Kampala ambako wanyama hutibiwa na kutafutiwa wenyeji. Kule Gulu, Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa bomu, alianzisha mradi wa kuwakabidhi mbwa waliookolewa kwa watu waliojeruhiwa nafsi na vita, wakafunzwa pamoja. Sisi tuliopitia mafunzo ya jeshi tunajua thamani ya mbwa penye lindo. Watu wa Gulu wametuonyesha thamani yake vita vikishakwisha.

Kwa hiyo wenye mabucha na mahoteli watoe mabaki safi. Viongozi wa vijiji waandikishe kila mbwa na mwenyewe. Vijana wajitolee siku za chanjo. Na kila kijiji kiahidi, kabla ya msingi kuchimbwa, ni nyumba ngapi zitapokea mnyama. Hesabu hiyo ikipatikana, ujenzi na uanze.