Dada, jina lako liko kwa karatasi gani?

Ukitaka kuchokoza mabinti mtandaoni, andika tu kwamba hawajui kutunza pesa. Comments zitajaa hadithi za wigi, kucha na picha za Diani, na watakaocheka sana ni wale jamaa wanaobeti kila wikendi. Tuseme ukweli: shida ninayoiona mtaani si hiyo. Shida ni kwamba msichana anatoa pesa zake, halafu jina lake haliko popote.

Angalia vizuri. Anamchangia mpenzi kununua bodaboda, stakabadhi zinatoka kwa jina la jamaa. Anatuma pesa za kujenga nyumbani, shamba ni la kaka. Anaweka akiba kwa chama, na pesa zote ziko kwa laini ya simu ya mwekahazina. Mambo yakiharibika, anabaki na meseji za M-Pesa na machozi.

Sheria nayo haikubembelezi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema umiliki unafuata mchango wa kila mmoja. Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba kuolewa pekee hakukupi nusu ya mali. Lazima mchango wako uonekane. Kazi za nyumbani na kulea watoto pia huhesabiwa, na hilo ni jambo zuri. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako. Na wewe uliyehamia kwa jamaa na begi moja, bila harusi wala cheti? Ukidai kwa sheria hiyo, kwanza utathibitisha kwamba mlikuwa mume na mke, ndipo mfike kwa mali.

Hii ndiyo sababu naunga mkono wanaofundisha mabinti mambo ya pesa. Waceke Nduati, mwanzilishi wa Centonomy jijini Nairobi, amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Masomo yake si ya wanawake pekee, ila yanatufunza kitu: kuna watu wazima wenye mishahara wanaolipa ili wafundishwe kile ambacho shule haikuwapa. Mimi chuo niliacha katikati. Miaka yote niliyokaa darasani nilipiga hesabu za riba ubaoni, na hakuna aliyewahi kunionyesha jinsi ya kusoma gharama ya mkopo ulio kwa simu.

Tuupigie hesabu basi. M-Shwari ilipozinduliwa 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika kidogo, si ndiyo? Kwa 5,000 unalipa 375. Lakini ukikopa kiasi hicho kila mwezi kwa mwaka mzima, ada pekee inafika 4,500. Karibu umelipa mkopo mara mbili, na bado uko palepale.

Najua swali linalokuja: utamfundishaje mtu kupanga pesa ambazo hana? Ni swali la haki. Bajeti haiongezi mshahara, na mtu akikuambia utatajirika kwa kuacha chai na mandazi, mwache aongee peke yake. Lakini mwenye kidogo ndiye anayeumia zaidi kikipotea. Na kidogo pia kinaweza kuwa na jina. Mwaka 2017 serikali iliuza bondi ya M-Akiba kwa simu kuanzia shilingi 3,000, bei ambayo hata muuza mitumba angeifikia kwa jina lake mwenyewe.

Kwa hivyo somo hili lisibaki kwa kumbi za hoteli. Lishuke hadi vyuo vya ufundi, makanisani, misikitini na kwa chama za mtaani. Na lisifundishwe na mtu aliyekuja kuuza mkopo wake, kwa sababu huyo hatakuambia ni lini useme hapana.

Wakati tunasubiri, anza na yaliyo karibu. Orodhesha unachomiliki, unachodaiwa na jina lililo kwa kila karatasi. Chama chenu kisajiliwe, na akaunti ya benki iwe na watia sahihi zaidi ya mmoja. Kabla ya kuingia SACCO, hakikisha ina leseni ya SASRA. Mkinunua kitu pamoja na mpenzi, andikeni majina yote mawili na mweke risiti.

Atakuuliza kama humwamini. Mwambie unamwamini, na ndiyo maana haitamsumbua kuandika. Akikasirika kwa sababu ya jina lako tu, basi pesa zako zikae kwanza mfukoni mwako.