Mshauri Nasaha Asihesabiwe Vikao

Daktari wa Mbaraki huwaona sana hawa: binti aliyerudi kutoka Ghuba, alikoahidiwa kazi ya nyumbani akanyang'anywa pasipoti, sasa analalamikia kichwa na tumbo. Ukimpima malaria, hana. Usiku halali, na mlango ukibamizwa hushtuka.

Dawa ya maumivu haimtoshi, ingawa nami nimeiandika mara nyingi mno. Anamhitaji mshauri nasaha mmoja, yule yule, kwa miezi na pengine miaka. Aliyeuzwa na mtu aliyemwamini, aghalabu jirani au jamaa, hamfungulii moyo mgeni kwa vikao vitatu. Ajihisi salama kwanza, ndipo asimulie.

Tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) huutambua msongo huu wa mateso ya muda mrefu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu iliunda hazina ya kuwasaidia waathiriwa. Basi fedha hizo zimlipe mshauri mshahara wa mwaka mzima, si posho ya semina.

Nawe mzazi, binti akinyamaza usimlazimishe kusema. Mpeleke kwa mshauri, na wiki ijayo umsindikize tena.