Filamu hukuikalia, hukumu umeitoa wapi?

SINA SIMILE
Na Tatu Mkwizu

Kijana aliyenikasirisha wiki hii ana adabu zake zote. Aliingia saluni, pale Kinondoni, mimi nikiwa chini ya mikono ya msusi, akaamkia kila aliyestahili shikamoo, akakaa kwenye benchi kumsubiri mkewe ambaye nywele zilikuwa hazijafika nusu. Hata soda alitununulia. Nautaja wema wake mapema ili asiwepo wa kudhani nina kinyongo naye. Ugomvi wangu ni na maneno aliyoyasema kuhusu filamu ambayo hajaiangalia.

Saluni hiyo ni baraza la wapenzi wa filamu. Runinga iko juu ya kioo, na kuanzia asubuhi mpaka wanafunga ni sizoni za Kikorea, za Kituruki, za Kifilipino, na za Kihindi zilizotafsiriwa. Msusi anasuka jicho moja likiwa juu; ikifika sehemu ya kilio vidole vinakaza na mwenye kichwa analia pamoja naye. Siku hiyo msusi mkubwa alikuwa anamlaani mama mkwe fulani wa Kituruki, na mama mmoja wa Mwananyamala alikuwa anamtetea kwa nguvu zote, kwamba mwanamke aliyelea mtoto peke yake miaka yote hawezi kumkabidhi mgeni funguo za nyumba kwa siku moja. Wakakumbushana nani alisema nini, nani aligeuza uso, barua ilifichwa wapi na nani aliiona. Hao wameangalia. Wanabishana kwa haki, na hata anayekosea kati yao anakosea akiwa na ushahidi.

Ndipo binti mmoja wa chuo, mtaratibu, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akasema Jumamosi anakwenda kwa shangazi yake kuangalia Vuta N'kuvute. Riwaya ameisoma, na filamu ameisubiri muda mrefu.

"Ile?" akadakia kijana. "Usijisumbue, mdogo wangu. Ile haina kitu."

Akaanza. Binti wa Kihindi anaozwa mzee, anatoroka, anampenda mpigania uhuru, wanaandamwa na polisi wa Mwingereza, halafu hivi, halafu vile. Akaenda nayo mpaka mwisho kabisa, akautoa mwisho wote hadharani. Yule binti aliziba masikio lakini alikuwa amechelewa. Na juu ya hayo ikaja hukumu: picha nzuri, stori inaboa, waigizaji hawajui, Bongo bado sana.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na Mwajuma ulimwonaje?"

"Mwajuma yupi, mama?"

Msusi akaacha kusuka.

Kwa ambao hamjaiona: Mwajuma ndiye mwanamke wa Ng'ambo anayempokea Yasmin baada ya Yasmin kumkimbia mumewe. Ameigizwa na Siti Amina, mwanamuziki wa taarab wa Zanzibar. Hakuna njia ya kuikalia filamu ile ukatoka hujui Mwajuma ni nani. Nikambana. Hakuficha, akasema aliona ile video ya kusimuliwa kwenye simu, dakika tatu, na kwamba kila kitu kimo. Akaitafuta, akanipa niangalie.

Nimeiangalia yote, kwa sababu mimi huwa naangalia kitu kabla ya kukisema. Sauti ya mwanaume inakimbia bila kupumua, maandishi ya njano yanaruka chini, picha zinakatwa katikati ya sura za watu. Ndani ya dakika tatu zile Yasmin hana jina. Denge, yule mpigania uhuru, hana jina. Mmoja ni huyu dada, mwingine ni jamaa. Zanzibar haitajwi. Miaka ya 1950 haitajwi. Mwajuma, aliyefungua mlango usiku akampa mtu pa kulala, hayumo kabisa. Kilichobaki ni nani kampenda nani na nani kakamatwa, habari ambayo jirani angeweza kukupa akiwa anapita na ndoo.

Na kwa ushahidi huo kijana alitoa hukumu juu ya kazi ya Amil Shivji, filamu ya saa moja na nusu iliyotoka katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Filamu iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ikiwa ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kule. Mwaka uliofuata nchi hii iliipeleka kushindania Oscar, na hiyo ilikuwa mara ya pili tu kwetu kupeleka filamu, baada ya Maangamizi mwaka 2001. Sisemi kwamba Toronto wakisifu basi sisi tupige magoti. Kila mtu ana haki ya kuichukia. Mimi mwenyewe nilitoka na lawama zangu. Mwendo wake ni wa taratibu mno katikati, wahusika wanaongea kama wanaotunga shairi hata wanapotakiwa kugombana, na Mwajuma huyohuyo kapewa nafasi ndogo kuliko ile aliyopewa na Shafi kitabuni, kosa ambalo bado linaniuma. Lakini vichochoro vile vya Unguja vimepigwa picha kwa mapenzi, na kuna ukimya kati ya wale wapenzi wawili unaosema habari ya ukoloni kuliko hotuba. Ukimya huo msimuliaji wa simu aliukata. Lazima aukate, maana hauna la kusimuliwa.

Nililipata jibu nililolitegemea. "Mama, bando ni ghali, na muda hakuna." Hoja ya bando naiheshimu kwa mtu mwenye shida, ila huyu alikuwa amekaa kwenye benchi lile tangu adhuhuri akivuta video moja baada ya nyingine, kwa bando lake mwenyewe, na zote alizoziangalia zingetosha filamu nzima na chenji ikabaki. Muda upo. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kumpa mtu mwingine nafasi akuongoze kwa saa moja na nusu bila wewe kumharakisha. Na juu ya hilo kuna hofu ya kuachwa nje ya mazungumzo. Watu hawataki filamu, wanataka kuwa na la kusema filamu ikitajwa.

Ugonjwa huu tuliulea wenyewe, na nitasema tuliulea wapi: darasani. Nimefundisha Kiswahili, najua. Vuta N'kuvute ilikuwa kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha tano na sita, na wanafunzi wengi walifaulu maswali yake bila kufungua ukurasa wa kwanza. Walisoma vijitabu vya uchambuzi: maudhui, fani, wahusika, dhamira, kila kimoja mistari minne. Mtihani ulitaka dhamira, wakaupa mtihani dhamira. Tukawapa alama. Tukalea watu wazima wanaoamini kwamba kazi ya sanaa ni kile kinachobaki ukishaikamua, na sasa watu hao wana simu.

Najua barua zenu zitakuja, na najua zitasema nini. Zitasema mbona zamani watu walisimuliwa filamu? Ni kweli walisimuliwa. Tanga tulikokulia, mama yangu na wenzake walikwenda Majestic kuangalia picha za Kihindi, na aliyekosa pesa ya tiketi alisubiri aletewe. Lakini alisimuliwa jioni nzima! Mwenye kusimulia alisimama, akaimba nyimbo zote hata kama maneno yenyewe hayajui, akalia mahali pa kulia, akarudia mahakama ya Awara ya Raj Kapoor, yule hakimu mzima akishikilia kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi. Na msikilizaji alijua hajaiona. Aliomba, alisikiliza, alidunduliza apate tiketi yake. Hakusimama siku ya pili barazani kusema Raj Kapoor hajui kuigiza.

Nilikua nikisikia ubishi wao wa Mother India. Filamu yenyewe ni ya 1957, mwisho wake haufichiki tena: mama anamuua kwa risasi mwanawe aliyemzaa, kwa sababu kamteka binti wa watu siku ya harusi yake. Alikuwa na haki? Mama yangu alisema ndiyo, heshima ya mtoto wa kike wa kijiji ni heshima ya kila mama. Shoga yake alisema hapana, na akasema hivyo mpaka uzeeni. Walikuwa na hoja. Kila mmoja aliitaja njaa ile, mafuriko yale, jembe lile ambalo mama yule alilivuta yeye mwenyewe. Walijua uzito wa kumpoteza Birju kwa sababu walimwona tangu mtoto. Mwambie mtu "mama anamuua mwanawe jambazi" halafu muulize anaonaje. Ataona nini? Hajalea naye.

Na msije na Lufufu. Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina hilo, na wenzake wote wanaotafsiri filamu kwa sauti, na DJ Afro kwa jirani zetu Kenya, hao nawatetea. Wapo wanaowadharau kwamba wanaongeza chumvi, wanampa Mchina jina la Kisukuma, wanamtukana adui kabla hajatokea. Waongeze. Filamu inabaki ndani, mwanzo mpaka mwisho, na watu wanakaa kwenye kibanda umiza wakitoka jasho mpaka iishe. Aliyetoka mle ana la kusema. Likarion Wainaina alimweka mtafsiri wa aina hiyo ndani ya Supa Modo mwaka 2018, akiwasimulia watoto filamu ukumbini kwa sauti yake, na ni moja ya sehemu zilizojaa furaha katika filamu yenye msiba ndani yake. Alielewa kitu ambacho wakosoaji wengi hawakielewi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dakika tatu hizi hazimwangukii kila mtu sawa. Filamu ya Marekani ikihukumiwa kijinga saluni ya Kinondoni, haipungukiwi hata senti. Filamu ya hapa inakufa. Bongo Movie wamefanya makosa, na nimeyaandika humu mpaka nikatukanwa: sauti inayosikika kama imerekodiwa chooni, magari yanayosindikizwa kwa kamera kuanzia getini mpaka barabarani, stori moja kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili msambazaji auze diski mbili. Niliyasema kwa sababu nilikaa nikaziangalia, kuanzia Girlfriend ya mwaka 2003 iliyofungua njia, mpaka za Steven Kanumba ambaye Aprili 2012 jiji lilisimama kumzika hapohapo Kinondoni. Wale maelfu waliokuja kumlilia walikuwa wameziangalia filamu zake, nzuri na mbaya, na walikuwa na haki ya kumlilia na ya kumlaumu. Anayesema "Bongo bado" leo, ukimuuliza ya mwisho aliyoiangalia mpaka majina yakapanda, atakutajia ya enzi za Kanumba. Hajui kwamba kuna Seko Shamte na filamu yake ya Binti ya mwaka 2021, wanawake wanne wa Dar es Salaam ambao angewatambua mtaani kwake. Hajui kwa sababu hakuna aliyemsimulia kwa dakika tatu.

Yule binti wa chuo alinyamaza muda wote. Nilimwambia aende Jumamosi kama alivyopanga, kwamba mwisho wa filamu ni sehemu ndogo yake, na nilisema kweli. Lakini kuna kitu alichonyang'anywa, nacho ni ule wasiwasi wa kutojua Yasmin atafika wapi, na hilo mtu hulipata mara moja tu kwa kila filamu. Kijana aliomba radhi, na nimeipokea kwa niaba ya binti ambaye hakuipokea.

Ningeishia hapo, ila jana yake usiku nilikuwa nimesikiliza redio moja, siitaji, ambako mtayarishaji kijana alialikwa kuzungumzia filamu yake ya kwanza. Alisema mwanzoni kabisa kwamba aliwapelekea nakala tangu Jumatatu. Kumbe mtangazaji hakuigusa. Swali la kwanza, hewani, nchi nzima ikisikiliza: "Kwa kifupi tu, ndugu yangu, filamu yako inahusu nini?" Kijana akababaika, akatafuta maneno, alipoyapata wakamkatisha kwa tangazo la sabuni. Mimi ningemjibu kwa niaba yake. Inahusu saa moja na dakika arobaini, ndugu mtangazaji, nawe ulikuwa nazo tangu Jumatatu.