Kosa la Dawa Si la Muuguzi Peke Yake



Mashine isiyo na kinga ikimkata mtu vidole, msimamizi husema: "Alikuwa mzembe." Sisi huuliza: kinga iko wapi? Alianza zamu saa ngapi? Hivyo ndivyo tulivyozoea kutetea haki.

Lakini mgonjwa akipewa dawa isiyo yake hospitalini, sisi wenyewe twapiga kelele: "Muuguzi afukuzwe!" Hapo twasema maneno yaleyale ya msimamizi. Muuguzi naye ni mfanyakazi, na mgonjwa ni sisi: wachuma chai wa Pfunda, watu wa kiwanda cha bia, na watoto wetu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa, na ndege ikalala kwa tumbo. Wakubwa walisema marubani ndio wabaya. Mtaalamu Alphonse Chapanis akatazama vishikio: viwili, vimefanana, viko bega kwa bega. Akashauri kimoja kipewe umbo la gurudumu na kingine umbo la bapa, mkono ujue unachokishika. Kosa lile likakoma karibu kabisa.

Hospitalini ni vivyo hivyo. Mwaka 1962, katika hospitali ya Binghamton, Marekani, chumvi ilitiwa ndani ya chombo cha sukari ya maziwa ya watoto wachanga. Watoto 6 walikufa. Vyombo vya chumvi na sukari vilikuwa vya namna moja. Mfukuze muuguzi leo, vyombo viache vilevile, kesho mwingine atakosea.

Hapa jirani, mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, alama za majina ya wagonjwa wawili zilichanganywa. Mtu asiyehitaji upasuaji akafunguliwa kichwa. Watumishi 4 walisimamishwa kazi. Alama ikikosewa vile, dawa nayo itamfikia mtu mwingine. Je, kumsimamisha mtu kunarekebisha alama?

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, lilizitaka nchi zote zipunguze kwa nusu, katika miaka 5, madhara makubwa ya makosa ya dawa. Nalo lilitaja sababu: uchovu wa watumishi, msongamano wa wagonjwa, uhaba wa wafanyakazi. Ndugu, hayo si mambo mageni kwetu!

Basi hospitali zifanye nini? Dawa zinazofanana chupa au jina ziwekwe mbali mbali. Dawa kali zisikae wodini pamoja na maji ya sindano. Anayepima dawa asiitwe huku na huku mpaka amalize. Dawa ya hatari ihakikiwe na watu wawili. Mgonjwa aulizwe, "Jina lako nani?", wala si, "Wewe ndiwe fulani?", kwa maana mwenye homa huitikia lolote. Na anayetoa habari ya kosa asiadhibiwe kwa kusema kweli. Akiogopa atalificha, na lililofichwa halirekebishwi.

Hatusemi mlevi au mwizi wa dawa aachwe. Huyo na ashitakiwe. Twasema mtu mwema aliyechoka asibebeshwe peke yake mzigo wa kazi iliyopangwa vibaya.

Nasi wagonjwa tuna wajibu. Taja jina lako mwenyewe. Uliza dawa ni ya nini, unywe mara ngapi. Kidonge kikibadilika rangi, uliza kabla ya kumeza. Maandishi yakiwa ya Kifaransa au Kiingereza, omba uelezwe kwa Kinyarwanda au Kiswahili.

Wauguzi wakidai zamu za haki na watu wa kutosha, tusiwacheke. Wanadai kinga ya mashine ambayo sisi sote tutapita ndani yake.