Tabaka la tatu ni lipi? Neno kwa watengenezaji wa programu za uhandisi

Leo tuache kidogo habari za simu na tovuti, tuongee juu ya programu za wahandisi: zile zinazokata jengo au chombo vipande vidogo maelfu kwa maelfu, zikapiga hesabu ya kila kipande, halafu zikakuletea picha ya rangi. Bluu ni salama, nyekundu ni hatari. Njia yenyewe huitwa elementi finiti. Mimi nina ugomvi na hiyo picha.

Tuchukue Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukiitazama kwa mbali utasema ni ukuta mmoja tu. Kumbe ni mawe ya matumbawe, chokaa ya kuunganishia, plasta juu yake, na viraka vya zama mbalimbali. Wareno waliitengeneza tena baada ya uasi wa Sultan Yusuf bin Hasan wa 1631. Waomani waliiteka 1698 nao wakaongeza yao. Kuanzia 1895 Waingereza wakaifanya jela. Mashua ya faiba nayo ni hivyo hivyo: kitambaa cha nyuzi za glasi, rezini, kitambaa tena, rezini tena. Kitu cha matabaka.

Sasa tatizo liko wapi? Matabaka yaliyoshikana hunyooka pamoja, lakini hayabebi mzigo sawa. Lililo gumu hubeba zaidi. Tufanye mfano wa hesabu: tabaka la simiti na tabaka la chokaa, unene sawa, simiti ikiwa ngumu mara 10. Vute pamoja. Simiti ikipata mkazo wa 4, chokaa inapata 0.4. Wastani ni 2.2. Tuseme simiti hupasuka kwenye 3, na chokaa kwenye 0.3. Matabaka yote mawili yamekwisha kupasuka, lakini picha ya wastani inasema 2.2, chini ya 3, lala salama! Hakuna tabaka hata moja lenye mkazo wa 2.2. Ni namba ya hewani.

Programu nyingine hazitoi wastani, zinakuonyesha uso wa juu au wa chini. Afadhali, lakini ndani je?

Utaniambia, basi chagua tabaka la 3 ulitazame. Haya. Tabaka la 3 la wapi? Chini ya mashua kuna matabaka 8, ubavuni 4. Namba 3 ya huku si kitambaa kile kile cha namba 3 ya kule. Programu ikichora namba 3 kwa chombo kizima, na mpakani ikalainisha rangi ili picha ipendeze, imechanganya vitu viwili visivyojuana. James Kirkman alipochimba ndani ya Ngome kuanzia 1958, hakuwa na haja ya wastani wa vigae vyote. Mwanaakiolojia hutaka kujua kila kigae kimetoka tabaka gani, la zama zipi. Akivichanganya, historia imeharibika.

Wapo watakaosema matabaka ni mengi mno kuyatazama. Ni kweli. Matabaka 20, kila moja chini, kati na juu, mikazo ya aina 3: picha 180. Nani ana muda huo? Ndiyo maana nataka chujio lifanye kazi kwa mpango huu:

1. Kwanza, picha moja ya kipimo cha kuvunjika, yaani mkazo ukilinganishwa na nguvu ya tabaka lenyewe, ikichukua pabaya kuliko pote katika unene.
2. Pembeni yake, picha ya pili inayotaja ni tabaka gani limetoa ubaya huo.
3. Kisha kuchuja kwa jina la tabaka, si kwa namba, na bila kulainisha rangi pale mpangilio unapobadilika.

Si ndoto hii. Code_Aster, programu huria kutoka Ufaransa, inakuruhusu kutaja tabaka na kama unataka chini, kati au juu yake. ParaView, nayo huria, inaficha vipande vyote vilivyo nje ya kiwango unachotaka. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni kuviweka mbele, badala ya kumwachia mtumiaji avitafute kwenye menyu ya nne.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kwenye nyumba za matumbawe za pwani yetu, fundi anayepiga plasta ya simiti juu ya chokaa anaweka ngozi ngumu inayofungia unyevu na chumvi ndani. Nje panang'aa, ndani panamumunyuka. Picha inayoonyesha ngozi peke yake itakubaliana na fundi huyo. Na majengo haya yana watu: sehemu ya Beit-el-Ajaib kule Zanzibar ilipoanguka Desemba 2020, watu 2 walikufa. Sisemi plasta ndiyo iliyoiangusha. Nasema anayekagua jengo kama lile anastahili kuonyeshwa kilichomo ndani.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya rangi nzuri, usiseme "safi" mara moja. Uliza: tabaka gani, upande gani, na nani amelainisha? Akikosa jibu, mrudishie picha yake.